Njoo Tanga, ila usiifuate hiyo picha ya wingu kwenye simu

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama uahirishe safari ya wiki ijayo kwa sababu simu yako inaonyesha wingu lenye radi kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, na wewe unataka kununua dagaa wabichi huku Tanga, uwachemshe na kuwaanika mwenyewe kabla ya kurudi nao Morogoro. Waliokujibu wengi wanasema usubiri Juni. Mimi kazi hii naifanya Sahare, hapa hapa Tanga, masika na kiangazi, na nasema njoo. Ila uje ukihesabu saa, siku ziache.

Hiyo picha ya wingu kwanza. Programu nyingi za simu zinachukua hali mbaya kuliko zote inayotarajiwa siku hiyo na kuifanya ndiyo sura ya siku nzima. Ikitarajiwa mvua ya dakika ishirini saa tisa usiku, basi umechorewa radi mchana kutwa. Halafu kompyuta za utabiri wa dunia zinaigawa nchi vipande vya kilomita 9, nyingine zaidi ya 20, kwa hiyo Sahare, mjini na Mwambani vinaweza kuhesabiwa mahali pamoja. Sisi huku tunaona mvua inapiga Mwambani na Sahare watu wameanika nguo. Mwisho huu wa Machi ndiyo mbaya zaidi kwa kubahatisha, maana kaskazi imechoka na kusi haijashika, ukanda wa mvua unapita juu yetu kwenda kaskazini, na upepo unageuka utakavyo. Ndiyo maleleji yenyewe.

Sasa wanaokwambia Juni kuna jambo hawajakuambia. Bahari ya maleleji ni shwari, boti zinatoka. Juni kusi imeshapamba moto. Jua lipo, upepo unakausha upesi kweli, sikatai, lakini zipo siku kibao boti zimelala ufukweni kwa sababu nje kumechafuka, na dagaa wachache wanaopatikana wanagombewa. Utakodi vichanja vya kuanikia ukae unaviangalia. Utulivu uleule unaowatoa wavuvi ndio unaoacha hewa nzito ikusanye mvua, kwa hiyo samaki na mvua wiki hizi vinakuja pamoja, huwezi kuchagua kimoja. Na kama unaogopa mvua, kwa Tanga mwezi wa kuogopa ni Mei. Dar kilele chao huwa Aprili, kwetu kinachelewa.

Siku ya maleleji inakwenda hivi, mara nyingi. Mvua ya pwani inapenda kushuka usiku wa manane mpaka alfajiri, inatoka upande wa bahari, kisha inakatika. Asubuhi umande, ule upepo mwepesi wa nchi kavu, unavuma taratibu kutoka bara. Kati ya saa nne na saa tano upepo unageuka na kuanza kuingia kutoka baharini; hapo ndipo unapopata nafasi yako, mpaka saa tisa au kumi hivi. Mchana utaona mawingu marefu yanajijenga upande wa Muheza na milima ya Usambara. Usikimbie. Mengi yanaishia hukohuko, Amani wanaloa, sisi tunasikia ngurumo tu.

Siku ya kuogopa ni ile ambayo saa sita imefika na upepo wa bahari haujaingia. Makuti hayatikisiki, jasho halikauki mwilini, moshi wa majiko unapanda wima. Siku hiyo chemsha ndoo mbili tatu, wengine wauze wabichi. Wenyeji utawaona wenyewe wanapunguza moto bila kuambizana.

Kuhusu kuanika kwenyewe, maana hapa ndipo wageni wanapopoteza pesa. Ukiwatoa kwenye sufuria waache wachuje maji kabisa kabla ya kuwapandisha kichanjani, na uwatandaze wembamba. Wakirundikana, wa juu wanakauka na wa chini wanavunda. Jua kali la siku moja linawatosha dagaa wadogo, la mawingu mawingu hesabu mbili. Ukitaka kujua kama wako tayari, chukua wa katikati ya kichanja, wa pembeni wanadanganya, umkunje mgongoni. Akikatika, amekauka. Akipinda, bado ana maji, na ukimtia guniani ataharibu wenzake wote.

Turubai ni lazima, lakini siyo la kuwalaza nalo. Wingu likitokea mgeni anakimbia na kuwafunika gubigubi, dagaa bado wana joto la jua. Funua baada ya muda mfupi uone: ndani ya turubai matone yamening'inia, na dagaa wa juu wanateleza mkononi. Hapo mvua hata haijafika, amewalowesha mwenyewe. Simamisha fito mbili kwenye ncha za kichanja, pitisha kamba, turubai likae kama paa na pembeni pawe wazi upepo upite. Wakilala nusu wakavu, waingize ndani uwatandaze kwenye nyavu sakafuni, usiwakusanye kwenye tenga. Waliolowa wakageuka rangi na kutoa ukungu wana soko lao, chakula cha kuku, ila kwa bei hiyo hata nauli hairudi.

Chumvi ya kuchemshia punguza kidogo kipindi hiki. Dagaa wa chumvi nyingi anavuta unyevu wa hewani hata akiwa amekauka: unafunga gunia la dagaa wa kuvunjika, unalifungua Morogoro wamelainika. Na kuni zifunike pia, watu wanasahau.

Kuna mwezi wa angani vilevile, ambao hukuuliza. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali boti nyingi hazihangaiki kutoka. Giza ndilo lenye mzigo. Lakini mwezi unapoandama ndipo na bamvua linapojaa, maji yanapanda ufukweni kuliko kawaida, na mvua ikikutana na bamvua maji ya mitaroni hayana pa kwenda. Kichanja kilichokaribia bahari kwa sababu mgeni amepewa kwa bei rahisi, wakati huo utakijua kwa nini ni rahisi. Uliza maji ya bamvua yanafika wapi kabla hujalipa.

Utabiri wa kufuata ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Usome kwa ngazi zao: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Wakisema mvua kubwa wanamaanisha inayozidi milimita 50 kwa saa 24, na hiyo ni ya kujaza mitaa, haina uhusiano na manyunyu ya asubuhi. Wakisema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, basi usiulize dagaa. Siku mbili tatu za mbele naziamini. Ya siku ya saba naisoma tu kama anavyosoma mtu magazeti ya udaku.

Ukisikia kuna kimbunga karibu na Madagaska au Msumbiji, mara nyingi huku kwetu mvua hupungua kwa siku kadhaa, unyevu unavutwa kule. Wafanyabiashara wajanja siku hizo ndizo wanazoanikia. Ila kifuatilie kinaelekea wapi. Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024 kilikuja mpaka Mafia, na hapo hapakuwa na habari ya kuanika wala kuvua.

Ningekuwa wewe ningeingia Tanga Jumatatu, nikalala, Jumanne alfajiri nikapita Deep Sea na Sahare, boti zinakoshusha samaki, kuangalia zinarudi na nini. Nikachukua ndoo chache tu siku ya kwanza, nione upepo unaingia saa ngapi. Kama Jumanne na Jumatano upepo umeingia kabla ya saa sita, Alhamisi nachukua mzigo mkubwa. Usinunue wote siku moja hata muuzaji akikubembeleza vipi, maana anajua kuliko wewe kwamba hajui kesho itakuwaje.

Njoo na turubai mbili, za Tanga wiki hizi zinapanda bei. Na Jumapili jioni angalia TMA kabla ya kukata tiketi: wakiwa wametoa tahadhari ya upepo kwa pwani ya kaskazini, baki nyumbani mpaka iishe, boti hazitatoka. Ukishajua siku unayoingia andika hapa, nitakwambia za kwetu zimerudi na nini usiku huo.