Rangi zinapopotea kati ya msanifu na mwandishi wa msimbo

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: wewe ni msanifu, umekabidhi michoro yako ya Figma (programu ya kusanifu mwonekano wa skrini), lakini simu ikiwekwa kwenye mandhari meusi maandishi ya kijivu hayasomeki vizuri, naye mwenzako anayeandika msimbo anasisitiza kwamba amefuata rangi zako kama zilivyo. Naamini nyote wawili mnasema kweli.

Kwa uzoefu wangu, chanzo huwa ni majina. Ukimpa mwenzako #757575, yaani namba ya msimbo ya rangi ya kijivu, bila kumweleza kazi ya rangi hiyo, ataiandika hivyo hivyo katika kila skrini, nayo haitabadilika mtumiaji anapogeuza mandhari. Juu ya nyeupe rangi hiyo hufikia uwiano wa utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wa takribani 4.6 kwa 1, unaovuka kiwango cha 4.5 kwa maandishi ya kawaida kilichowekwa na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu. Juu ya #121212, rangi inayokaribia nyeusi ya mandhari meusi, hushuka hadi karibu 4.1, chini ya kiwango hicho. Ipeni jina la kazi, kwa mfano "maandishi ya ziada", kisha wekeni thamani mbili chini ya jina hilo, moja kwa kila mandhari, na jina liwe lilelile kwenye mchoro na kwenye msimbo.

Msibadilishe programu nzima kwa mkupuo, maana makosa yatakuwa magumu kuyafuatilia. Anzeni na skrini moja, mkiwa mmekaa pamoja mbele ya simu halisi, ikiwezekana ya bei nafuu, nje juani. Ikiwa programu inahusu malipo au afya, tafuteni mtaalamu wa ufikivu aipime pamoja na watumiaji wenye uoni hafifu kabla hamjaitoa.