Seli za neva: mbona hazifanani umbo?

SWALI: Kwenye mtihani nilichora seli ya neva ya hisia yenye mwili uliozungukwa na dendraiti (vijitawi vya kupokea ujumbe), kisha aksoni (uzi wa kupeleka ujumbe) moja ndefu. Mwalimu kaninyima alama, anasema hiyo ni seli ya mota. Kwani si seli za neva zote?
– Mwanafunzi wa biolojia

JIBU: Mwalimu ana haki. Mwili wa seli ya mota umo ndani ya uti wa mgongo, kwenye sehemu ya kijivu, na hupokea ujumbe kutoka kwa maelfu ya seli nyingine. Ndiyo maana una dendraiti tele, na aksoni moja tu inayotoka kuamrisha msuli.

Seli ya hisia haikusanyi kutoka huku na huku, hupeleka tu habari ya ngozini. Mwili wake umo kwenye fundo la neva lililo kando ya uti wa mgongo, ukining'inia kwa kikonyo kifupi mithili ya tunda. Kikonyo hicho hugawanyika: tawi moja laenda ngozini, la pili laingia kwenye uti. Kwa hiyo anza kuchora uzi mrefu, halafu upachike mwili pembeni.

Kosa jingine tunaloliona mno ni kuifunika aksoni mielini mfululizo. Mielini ni ganda la mafuta, na katika neva za mwilini kila seli ya Schwann hufunika kipande cha takriban milimita 1. Acha mwanya kati ya vipande: hivyo ni vifundo vya Ranvier, na ujumbe huruka kutoka kimoja hadi kingine. Bila mianya hiyo mchoro hauelezi kwa nini ujumbe unakwenda kasi.

SWALI: Nikijikwaa kidole cha mguu, maumivu huja mara mbili. Kwa nini?

JIBU: Kidole kina nyuzi za maumivu za aina mbili. Aina ya kwanza ina mielini nyembamba na hupeleka ujumbe mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Ya pili haina mielini kabisa, nayo haizidi mita 2. Toka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo ni kama mita 1 kwa mtu mzima. Ujumbe wa mita 20 kwa sekunde hufika baada ya sekunde 0.05, wa mita 1 hutumia sekunde nzima. Basi unachomwa kwanza, kisha ndipo yanapokuja maumivu mazito ya kuunguza.

Kukisugua kidole kunasaidia kweli. Nyuzi za mguso, zenye mielini nene, huamsha seli unganishi ndani ya uti wa mgongo, na hizo huzuia sehemu ya ujumbe wa maumivu usipande ubongoni.