Usiitie gundi mbao hiyo, ipime kwanza

Ndugu, simama hapo hapo. Unasema umenunua mkaratusi wa unene wa sentimita 5, muuzaji kakuapia umekauka, na Jumatatu unaanza meza ya watu wanane na viti vyake. Unauliza vipimo, umbo la miguu na vanishi. Meza iwe sentimita 75 kwenda juu, kiti 45 pale pa kukalia. Sasa nijibu wewe: mbao hizo umezipima uzito?

Mimi sikupima. Mwezi wa pili, mvua za Lubumbashi zimekolea, nilimtengenezea mama mmoja wa Kampemba meza ya upana wa sentimita 90, mkaratusi kama wako. Ukiigusa mbao, kavu. Nikaunganisha kwa gundi, nikakingamisha mbao tatu kwa chini na kuzikaza kwa skrubu kila mahali, maana aliyenifundisha kazi alisema skrubu nyingi ndiyo nguvu. Mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, mama akapiga simu: “Fundi, meza yako inalia usiku, watoto wanaogopa.” Nilikuta ufa wa kuingiza kidole, umeanzia nchani hadi katikati. Nilimrudishia pesa yote, dola 380, na mbao ilikuwa imekwisha kukatwa.

Yule muuzaji aliyeniuzia mbao hizo bado ananiuma. “Imelala hapa miezi sita.” Imelala vipi? Ubao juu ya ubao, chini ya turubai, hewa haipiti! Hapo mbao haikauki, inaota ukungu. Alijua, na pesa akapokea.

Mkono hauwezi kukuambia kitu. Maji yaliyo ndani ya matundu ya mbao hutoka kwanza, na ubao kwa kawaida karibu haubadiliki. Yakishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, yanaanza kutoka yale yaliyo kwenye kuta za matundu hayo, na hapo ndipo ubao unapopungua. Unapungua upana, urefu karibu uko vilevile. Meza yangu ilitaka kusinyaa, mbao za chini zikaikatalia, ikapasuka. Viti vyako navyo: ulimi wa mguu ukikaukia ndani ya tundu lake, kiti kinaanza kucheza.

Zipange kivulini, juu ya sakafu, na vijiti vya sentimita 2 na nusu katikati, kila nusu mita, kijiti juu ya kijiti. Paka rangi kwenye ncha. Chukua mizani ya unga, pima mbao tatu kila Jumamosi, andika kilo kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukishuka, hakuna gundi. Wazee wa kazi huhesabu kama mwaka mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, kwa hiyo zako zinaweza kutaka miaka miwili. Na ukitulia wakati wa mvua, usiamini bado, maana kiangazi kitakamua mengine. Subiri mwezi wa nane upime tena. Hata hapo, tundu za skrubu chini ya meza zichonge ndefu, ubao upate pa kusogea.

Kama mteja anakuharakisha, mtafutie mbao za mulombwa wa zamani, za mlango au kitanda kilichovunjwa. Huo umekwisha kutulia.

Pima leo jioni, utuandikie kilo hapa kabla ya Jumatatu.