Gemu za zamani zinarukaruka kwenye Steam Deck? Usiuze mashine, angalia Hz kwanza

Mkuu, umeuliza kama uuze Steam Deck yako, ile konsoli ya mkononi yenye skrini ya OLED, utafute mashine yenye nguvu zaidi, kwa sababu gemu za Super Nintendo na Mega Drive zinarukaruka picha ikitembea, vitufe vinachelewa, rangi za Game Boy Advance zinaumiza macho, na PlayStation ya kwanza haifunguki kabisa. Usiuze. Prosesa ya Super Nintendo iliishia 3.58 MHz. Hiyo uliyoshika mkononi ina kore nne zinazofika 3.5 GHz. Mimi natumia ile ya LCD iliyotoka mwaka 2022, na matatizo yote manne nimeyapitia.

Tuanze na kurukaruka. Skrini yako inajichora mara 90 kwa sekunde, ndiyo hizo Hz 90, wakati gemu ya Super Nintendo ya Marekani au Japani inatoa fremu 60 na chembe. Sasa hizo 60 zinagawanywaje kwenye 90? Fremu moja inakaa mzunguko mmoja, inayofuata miwili, halafu mmoja tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwenye gemu yenye mandhari inayoteleza kushoto, jicho linaona milima inachechemea. Bonyeza kitufe chenye nukta tatu, nenda kwenye sehemu ya utendaji, shusha mpaka 60.

Ukishusha na bado inachechemea, soma jina la faili la gemu. Likiwa na neno Europe, hiyo ni gemu ya televisheni za PAL, mfumo wa Ulaya, inatoa fremu 50. Kwenye skrini ya 60, katika kila fremu tano moja inarudiwa. Hili lilinisumbua wiki nzima. Nilikuwa na gemu ya mbio za magari, miti ya pembeni inapita vizuri, mara inasita, inapita, inasita. Nikabadilisha emuleta mbili (programu zinazoiga konsoli za zamani), nikapandisha wati, wapi. Siku niliyoweka skrini 50 miti ikatulia. Uzuri wa Steam Deck ni kwamba zote mbili zinashuka mpaka hapo: ya LCD inaanzia 40, ya OLED 45. Ila ujue gemu nyingi za PAL zilihamishwa bila kurekebishwa mwendo, kwa hiyo hata muziki wake uko polepole kwa karibu asilimia 17. Kama kaseti yako ni ya Marekani, tumia hiyo.

Vitufe kuchelewa ni jambo lingine. RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi ndani yake, ina kitu kinaitwa Run-Ahead tangu mwaka 2018, na kwangu ndicho kilichofanya gemu za kuruka zirudi kuwa gemu za kuruka. Gemu zenyewe zilikuwa na uzito wake tangu zamani: unabonyeza, fremu moja au mbili zinapita, ndipo mhusika anasogea. Emuleta inaziendesha fremu hizo kimyakimya na kukuonyesha matokeo mapema. Usibahatishe namba. Simamisha gemu, shikilia kitufe cha kuruka, kisha sogeza fremu moja moja huku ukihesabu. Mhusika akiinuka kwenye fremu ya tatu, weka 2. Ukizidisha, ataruka bila kuonyesha mwanzo wa kuruka, na utaliona hilo papo hapo. Kila fremu unayookoa ni kama milisekunde 17, na kidole kinazihisi.

Rangi za Game Boy Advance: emuleta haijakosea. Konsoli ile ilipotoka mwaka 2001 haikuwa na taa kwenye skrini. Watu walikuwa wanacheza wameinamia dirishani. Waliotengeneza gemu walilijua hilo, wakapaka rangi kali kupita kiasi ili zionekane kwenye kioo kile cha giza. Ukizimwaga hivyo hivyo kwenye OLED, nyasi zinang'aa kama plastiki. Ndani ya mGBA, kore (yaani emuleta ya ndani ya RetroArch) ya Game Boy Advance, kuna marekebisho ya rangi, yawashe. Kisha washa ukuzaji wa namba kamili. Hapa kuna bahati inayonifurahisha mpaka leo: picha ya Game Boy Advance ni pikseli 240 kwa 160, zidisha kwa tano unapata 1200 kwa 800. Skrini yako ni 1280 kwa 800. Inajaa juu mpaka chini bila pikseli hata moja kukatwa, pembeni zinabaki 40 kila upande. Nikifungua gemu ya aina hii najisikia kama skrini ilipimwa kwa ajili yake.

Mega Drive ni kinyume chake, yenyewe inataka ukungu kidogo. Maporomoko ya maji kwenye Sonic ya kwanza yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja upo, mmoja haupo, kwa sababu waya wa televisheni za zamani uliichanganya ikawa maji unayoona ng'ambo yake. Kwenye skrini safi utaona nondo za dirisha. Tafuta sheda (kichujio cha picha) ya runinga ya zamani inayochanganya rangi za pikseli jirani. Zile nzito zinahitaji mistari mingi kuliko 800, achana nazo.

PlayStation kutofunguka, nina karibu uhakika ni BIOS, ile programu ya kuwashia konsoli ambayo emuleta inaihitaji kama faili. SteamOS ni Linux, na Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Kama faili ulilotoa kwenye konsoli yako linaitwa SCPH5501.BIN, kore ya Beetle inatafuta scph5501.bin na haioni kitu. Badilisha jina, basi.

Sasa hili hukuuliza, lakini lazima nikwambie kabla halijakukuta. Nilicheza gemu moja ya hadithi karibu saa nne, nikisevu ndani ya gemu kila nilipofika kwenye nyumba ya wageni. Nikabonyeza kitufe cha kuzima, mashine ikalala, nikaiweka kwenye begi. Siku mbili baadaye betri ilikuwa imekufa. Nilipowasha, sevu ilikuwa ya wiki iliyopita. Emuleta niliyokuwa natumia ilikuwa inaweka sevu ya kaseti kwenye memori tu, na inaiandika kwenye diski pale unapoifunga gemu. Kulala si kufunga. Iliniuma sana, maana kulikuwa na pambano moja nililolishinda kwa tabu.

Kwa hiyo tafuta mpangilio wa kuandika SRAM (hiyo sevu ya kaseti) kila baada ya muda, uweke sekunde 10. Na ile sevu ya emuleta, inayogandisha gemu popote ulipo, itumie kwa mapumziko mafupi tu. Emuleta ikipata toleo jipya inaweza kukataa kuifungua. Sevu ya ndani ya gemu haina shida hiyo. Folda ya sevu nainakili kwenye kompyuta kila Jumapili.

Wati: kwa konsoli hizi shusha TDP, kikomo cha umeme wa prosesa, mpaka 4 au 5, hutaona tofauti isipokuwa kwenye betri na feni. PlayStation 2 na GameCube ziachie nafasi zaidi, na ukuzaji wa mara mbili unatosha, skrini ina mistari 800 tu.

Anza na Hz na lile jina la BIOS leo, kisha uniambie kama faili zako zina neno Europe.