Ndoa imefungwa, mwili bado unaogopa

Binti ameambiwa tangu utotoni asiangalie, asiguse, asiulize. Kijana ameambiwa kila wazo la mwili ni dhambi ya kutubia. Kisha Jumamosi moja padri au sheikh anawafungisha ndoa, na usiku huohuo wanatarajiwa wafurahiane. Haiwi hivyo. Mwili uliofundishwa hofu kwa miaka ishirini hausomi cheti cha ndoa. Wengi wanaopata shida hii hudhani wamelogwa, au hawakuumbiwa ndoa, kumbe wanahitaji mafunzo ya wiki kadhaa ambayo hakuna aliyewapa.

Kabla ya mafunzo hayo tutenganishe kujizuia na kukandamiza, maana watu wa dini huchanganya mambo haya mawili na madhara huanzia hapo. Anayejizuia anajua anachokitaka, anakubali kwamba anakitaka, na anakiahirisha kwa sababu anayoiamini. Ramadhani ni mfano ulio wazi: aya ya 187 ya Suratul Baqara inaruhusu wanandoa kukutana usiku wa mwezi wa kufunga, na papo hapo inasema wake ni vazi kwa waume zao na waume ni vazi kwao. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7:5, anawaruhusu wanandoa kunyimana kwa masharti: wawe wamepatana, iwe kwa muda, iwe kwa ajili ya sala, kisha warudiane. Katika maandiko yote mawili mpaka una mwanzo na mwisho, na hakuna anayeambiwa hamu yake ni uchafu.

Anayekandamiza anakana kwamba hamu ipo. Anaichukia, na kwa kuwa iko ndani yake, anajichukia mwenyewe. Njia hii haifanyi kazi hata kwa lengo lake lenyewe. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano. Waliendelea kumfikiria, na walipoachiwa huru walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kijana anayepigana na kila wazo la mwili huingia mzunguko huohuo: anajibana, anashindwa, anaangalia picha za ngono kwa siri, anajuta, anaweka nadhiri kali zaidi, anarudi palepale. Kinachosaidia ni kulitambua wazo likija, kukiri kimya kimya kwamba ni hamu na hamu si tendo, kisha kurudi kwenye kazi iliyo mkononi bila kujitukana. Wazo lisilopiganiwa hupita lenyewe.

Hofu hii ina historia, na kuijua kunasaidia, kwa sababu waumini wengi hudhani ni amri ya Mungu mwenyewe. Augustino wa Hippo (354–430), askofu wa Afrika Kaskazini, aliona hamu ya mwili imeharibiwa na dhambi ya asili, na kwamba hata wanandoa wanaokutana kwa ajili ya raha bila nia ya watoto wana kosa, ingawa ni dogo na linasameheka. Mtazamo huo ulitawala Ukristo wa Magharibi kwa karne nyingi, na ndio uliofika kwetu na wamisionari. Lakini haukuwa sauti pekee. Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa Katoliki wa karne ya 13, aliandika kwamba kama Adamu na Hawa wasingeanguka, raha ya mwili ingekuwa kubwa zaidi, si ndogo zaidi. Tarehe 29 Oktoba 1951 Papa Pius XII aliwaambia wakunga wa Italia kwamba Muumba mwenyewe ndiye aliyeweka raha katika tendo hilo, na wanandoa hawafanyi ubaya wowote kuitafuta na kuifurahia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayanukuu maneno hayo katika namba 2362. Ni Wakatoliki wangapi wamewahi kusomewa namba hiyo katika mafundisho ya ndoa?

Torati nayo iko wazi. Kutoka 21:10 inamkataza mume kumpunguzia mke chakula, mavazi na haki yake ya ndoa. Kumbukumbu la Torati 24:5 inamwachilia aliyeoa karibuni asiende vitani mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Wayahudi walifika mpaka kupanga ratiba: Mishna, mkusanyiko wao wa kale wa sheria, inasema kibarua ana wajibu kwa mkewe mara mbili kwa wiki, mwenye punda wa mizigo mara moja kwa wiki, mwenye ngamia mara moja kwa siku thelathini, baharia mara moja kwa miezi sita. Angalieni deni liko upande gani. Ni la mume kwa mke.

Katika Uislamu, sahaba Uthman bin Madh'un alipotaka kuishi bila wanawake kwa ajili ya ibada, Mtume alimkatalia. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, masahaba walishangaa kusikia kwamba mtu kukutana na mkewe ni sadaka yenye thawabu. Jibu la Mtume likawa kwamba kama angeliifanya kwa haramu angepata dhambi, basi kwa halali anapata ujira. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anamwelekeza mume aliyekwisha kutimiza haja yake asiondoke mpaka mkewe naye atimize ya kwake, kwa sababu mara nyingi mke huchelewa. Maelekezo hayo yana umri wa miaka zaidi ya mia tisa, na bado kuna waume Waislamu ambao hawajawahi kuambiwa kwamba mke ana cha kutimiza.

Pwani na kusini mwa Tanzania pengo hili lilizibwa na unyago. Kungwi au somo alimfundisha mwari mwili wake, hedhi, usafi, na jinsi ya kufurahi na kufurahisha. Wamisionari wengi waliona upagani wakapiga marufuku. Wachache, kama Askofu Vincent Lucas wa Masasi, walijaribu kuibakiza jando na kuipa sura ya Kikristo. Mafunzo hayo hayakuwa bora kila mahali. Baadhi yaliwaumiza wasichana na mengine yaliwaharakisha kwenye ndoa. Ila palipoondolewa somo hakuwekwa mtu mwingine. Leo mijini bibi harusi anapata kitchen party ya usiku mmoja, na jumbe nyingi ni za upande mmoja: usimnyime, usichoke, usinune. Raha yake mwenyewe haitajwi. Bwana harusi hapati hata hiyo. Anachojua amekitoa kwenye simu.

Sasa mwili wenyewe. Watafiti John Bancroft na Erick Janssen wa Kinsey Institute, taasisi ya Marekani inayotafiti mambo ya ngono, walieleza kwamba hamu inaongozwa na mifumo miwili, mmoja kama mafuta na mwingine kama breki. Malezi ya hofu hayapunguzi mafuta, yanakanyaga breki. Ndiyo maana mtu anaweza kumpenda mwenzake sana na bado mwili ukakataa. Kuongeza mafuta, yaani dawa za nguvu, vileo, mizizi ya mtaani, hakusaidii gari lililofungwa breki. Kazi ni kuachia breki polepole.

Njia iliyozoeleka zaidi ilielezwa mwaka 1970 na William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, ambao katika wagonjwa wao waliyataja malezi makali ya dini kuwa miongoni mwa vyanzo vya matatizo haya. Inafanywa hivi. Wanandoa wanakubaliana kwa maneno, bila kupepesa, kwamba kwa wiki za mwanzo hakutakuwa na kuingiliana kabisa. Katazo hili ndilo linalotibu: mwili ukijua hakuna mtihani mwishoni, breki huachia. Chagueni siku mbili au tatu kwa wiki, chumba kimefungwa, simu ziko nje, watoto wamelala. Mmoja anamgusa mwenzake kwa dakika kumi na tano, kisha wanabadilishana. Wiki mbili za kwanza matiti na sehemu za siri haziguswi: ni kichwa, mgongo, mikono, mapaja, nyayo. Anayegusa anazingatia joto, ulaini na uzito wa mwili ulio mikononi mwake, hajaribu kumsisimua mwenzake. Anayeguswa ana kazi moja: kusema panapomkera. Mwenye haya abaki na kanga au kikoi, taa iwe hafifu, ila isizimwe kabisa.

Wiki mbili zinazofuata matiti na sehemu za siri zinaingia, kwa utaratibu uleule na bila kulenga kilele. Hapa mke aweke mkono wake juu ya mkono wa mume amwongoze: hapa, polepole, punguza nguvu. Waume wengi hawajui kinembe kilipo, na wake wengi hawajawahi kukitazama chao. Kwa wanawake wengi kuingiliwa peke yake hakutoshi kuwafikisha kileleni. Si ubaridi wala laana, ni maumbile. Mke atumie kioo na maji ya uvuguvugu, ajue kilipo kinembe, mlango wa uke na njia ya mkojo. Baada ya hapo mwili juu ya mwili bila kuingia, kisha kuingia bila kwenda mbio, mke akiwa juu ili yeye ndiye aamue kina na kasi.

Inapokwama, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi: wamevunja katazo siku ya tatu kwa kuwa mambo yalionekana kwenda vizuri, na mwili ukajifunza kwamba ahadi haiaminiki, mmoja anafanya ili kumridhisha mwenzake, au zoezi linafanywa saa sita usiku watu wamechoka. Rudini hatua moja nyuma. Msianze upya.

Kuna wake ambao misuli ya uke hujikaza yenyewe kila kitu kinapokaribia, hata kidole, hata kipimo cha daktari. Madaktari huiita vajinismasi. Kwanza apimwe kuondoa sababu nyingine: maambukizi, vidonda, makovu ya ukeketaji, endometriosisi (ugonjwa ambapo tishu kama za ndani ya mji wa mimba huota nje yake). Kisha ni mazoezi ya dakika kumi hadi kumi na tano kila siku, akiwa peke yake. Abane misuli ya nyonga kama anayezuia mkojo kwa sekunde tano, aachie kwa sekunde kumi, mara kumi. Halafu ncha ya kidole kidogo, chenye kilainishi cha maji, huku akitoa pumzi na kusukuma kidogo kama anayekwenda haja. Maumivu yakija asimame, asilazimishe. Kidole kimoja kikizoeleka kabisa ndipo aende kikubwa zaidi, au vipanuzi vinavyotolewa na wataalamu wa fiziotherapia. Mume anaingia mwishoni, tena kwa kidole chake kinachoongozwa na mkono wa mke. Ni wiki, wakati mwingine miezi, na wengi hupona.

Tatizo kubwa kwetu ni kwamba mke wa namna hii huambiwa ana jini mahaba. Hupelekwa kwenye maombi ya mkesha au kisomo, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mkesha usiofanikiwa unamwongezea aibu na hofu, yaani breki ileile. Kiongozi wa dini anaweza kumwombea na siku hiyohiyo akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Biblia na Kurani hazikatazi hilo.

Mume anayeshindwa kusimama aulizwe kwanza kama anasimama alfajiri akiwa usingizini. Ikiwa ndiyo, mishipa huenda ni mizima na shida iko kwenye hofu, na mazoezi ya hapo juu ni yake pia. Ikiwa hapana, apime sukari na shinikizo la damu, aulize kuhusu dawa anazotumia. Vidonge vya jamii ya sildenafili (kama Viagra) havichanganywi kamwe na dawa za moyo za naitreti. Presha inaweza kushuka mpaka kuua.

Mengine machache ya hatari. Unga, shabu na majani ya kukausha uke huchubua ngozi na kurahisisha maambukizi. Mafuta ya nazi hulainisha vizuri lakini huharibu kondomu za mpira. Na aya au hadithi za haki ya mume zisigeuzwe fimbo: tendo lililopatikana kwa kumtisha mke linaufundisha mwili wake kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli, na kazi yote ya wiki kadhaa inafutika usiku mmoja.

Kwa wazazi na walimu wa madrasa na Sunday school: katazeni mnachokikataza, lakini msidanganye. Punyeto haipofushi macho wala haitoi utasa. Mtoto akigundua uongo huo, na ataugundua, hatawaamini hata mnapomwambia kweli. Nchini Marekani, Hannah Brückner na Peter Bearman walichapisha mwaka 2005 matokeo ya vijana walioapa kusubiri hadi ndoa: viwango vyao vya magonjwa ya zinaa havikutofautiana na vya wasioapa, na mara ya kwanza walikuwa na uwezekano mdogo wa kutumia kondomu. Kiapo bila elimu hakikuwalinda.

Mafundisho ya kabla ya ndoa yatenge angalau vipindi viwili kwa jambo hili, kimoja bibi na bwana harusi wakiwa tofauti na kingine wakiwa pamoja, akiwepo muuguzi au mkunga. Wapewe majina ya viungo, wasomewe maandiko ya ruhusa pamoja na yale ya katazo, na waambiwe wazi kwamba usiku wa kwanza hauna lazima ya kuingiliana. Wakilala wakiwa wameshikana mikono, ndoa yao imeanza vizuri. Pia wapewe namba ya mtu wa kumpigia baada ya miezi mitatu, awe mwanamke kwa mke na mwanamume kwa mume, na mtu huyo awapigie yeye kwanza, kwa sababu wenye aibu hawapigi.