Wakaazi na uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Ndugu, unauliza kama kuzihifadhi nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kazi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hapana, kazi hiyo si ya Mamlaka peke yake. Mamlaka, iliyoanzishwa mwaka 1985, hutoa vibali na kusimamia kanuni za ujenzi, lakini nyumba zenyewe zimegawanyika kati ya serikali, wakfu na watu binafsi, kwa hiyo matunzo ya kila siku yamo mikononi mwa wanaoishi ndani. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja msimu mmoja wa masika bila kuzibwa, boriti huoza na ukuta hufuata, na mwenye kuiona dalili ya kwanza ni mkaazi, si mkaguzi. Ndiyo maana inaumiza kuona kuta za zamani zikipigwa plasta ya saruji, ambayo hufungia unyevu na chumvi ndani, ilhali chokaa huuacha ukuta upumue. Hata hivyo, familia kadhaa zinazopanga nyumba moja haziwezi kubeba gharama za paa zima. Hapo mmiliki, iwe serikali au wakfu, lazima awajibike.