Tamthilia mpya: uiache lini?

Dada yangu wa Kondele, umeuliza kama ni vibaya kuiacha tamthilia mpya baada ya sehemu mbili, ilhali mumeo anasisitiza mwendelee. Sehemu ya kwanza hubebeshwa kazi nzito ya kuwatambulisha wahusika wote, kwa hiyo mimi huisamehe. Ya tatu ndiyo hunionyesha mwendo halisi wa hadithi. Msimu wa kwanza wa Breaking Bad, mwaka wa 2008, ulikuwa na sehemu 7 tu, na subira hapo haikugharimu mengi, lakini msimu wa sehemu 22 hula jioni nyingi mno. Jiulize, unapopika, kama kuna mhusika hata mmoja unayetamani kujua yatakayompata. Kama hayupo, iache bila kujilaumu, naye shemeji aitazame peke yake.